Watatu Wanatosha

Amerika, 2 Oktoba 1994

Mpendwa Baba,

Salaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima pale Buyenzi, na macho yasikusumbue unapoisoma. Nimeandika herufi kubwa kwa ajili yake. Mi niko salama, ila baridi imeanza na mwenyeji wangu anasema hii bado si baridi.

Nina habari. Mwaka huu, pamoja na shahada yangu ya pili, nimejiandikisha kwa cheti cha masomo ya kimataifa na kanda. Ni masomo matano ya ziada. Mtu anachagua sehemu moja ya dunia, anasoma historia yake, siasa yake na lugha yake, kisha anaandika utafiti wake mwenyewe. Wenzangu wamechagua Urusi, China, nchi za Waarabu. Mi nimechagua kwetu. Usicheke. Siku ya kwanza profesa alitundika ramani, akaweka kidole juu ya Bujumbura, na darasa zima likageuka kuniangalia kama vile nitasimama niwaonyeshe nyumba yetu. Mtihani wa lugha nilifanya Kiswahili. Mwalimu wake ni mzungu aliyeishi Tanga miaka sita. Aliniambia Kiswahili changu kina makosa, nasema mutu badala ya mtu. Nikamjibu kwamba ndivyo nilivyolelewa. Amenipa alama za kupita tu.

Utaniuliza kwa nini najitwisha mzigo. Baba, ruhusa yangu ya kukaa huku inaisha Juni, na shahada peke yake haiwezi kuirefusha. Mwenye cheti hiki idara inaweza kumwajiri afundishe lugha, na chuo chenyewe kinamwombea karatasi za kukaa. Uliniambia pale uwanja wa ndege nisirudi mpaka nchi itulie. Hii ndiyo njia niliyoiona.

Utafiti wangu ni juu ya makuli wa bandari. Wewe umepitisha mizigo ya watu forodhani pale miaka thelathini, unawajua wote. Wahutu, Watutsi, Wakongo na Waswahili walibeba gunia moja. Nataka kujua waliishije, na wanaishije tangu vita ianze. Nimekuwekea maswali kumi na mawili ndani ya bahasha. Unaweza kuwauliza watu sita kwa niaba yangu?

Binti yako,
Assia

*

Buyenzi, Bujumbura, 6 Novemba 1994

Binti yangu Assia,

Waaleikum salaam. Barua yako imenikuta hai, na kwa mwaka huu hilo si jambo la kupita juu yake haraka. Jicho la kulia linaona, la kushoto linalisindikiza. Majirani wanakusalimu, Akilimali wa dukani kuliko wote.

Nimesoma maswali yako mara tatu. Ni maswali mazuri, lakini wewe umeondoka Januari na mji huu haukukungoja. Zamani mtu akiuliza nani anakaa nyumba ile, alikuwa anatafuta chumba cha kupanga. Leo akiuliza hivyo, watu wanafunga virago.

Hata hivyo nilimwendea Callixte. Unamkumbuka, kapita aliyewasimamia makuli, yule mrefu aliyekuwa anakupandisha juu ya mizani ya mizigo na kutangaza kilo zako mbele ya watu. Bado anakaa Kamenge na mkewe Dévote. Kazini haendi tena, kwa sababu njia ya kushuka bandarini inapita kwenye mitaa ambayo Muhutu hapiti. Sisi Waswahili tunahesabiwa hatuna upande, kwa hiyo mimi bado napanda basi hadi kwake na kurudi. Yeye kuja kwangu hawezi. Tuliketi uani.

"Mutoto wangu Assia anasoma mambo yetu," nilimwambia.

"Kule Amerika?"

"Kule kule."

"Wamekosa nini mpaka wasome sisi?"

"Mi sijui. Wanamupa cheti."

Alikuna goti lake. Kisha akasema, "Muandikie tutamujibu. Hapa hakuna mutu anatuuliza kitu, isipokuwa karangamuntu."

Basi nitaanza polepole. Usiniharakishe.

Baba yako,
Tajudini

*

Amerika, 4 Desemba 1994

Baba mpenzi,

Salaam nyingi, na pole kwa mvua. Niliota unafuta maji sebuleni, nikaamka nikiwa nimeshika shuka kama tambara. Afya yangu njema.

Sina neno la kukushukuru. Nilimsomea profesa yale ya Callixte na karangamuntu, nikamweleza kwamba ni kitambulisho, akaandika kwenye daftari lake.

Kuna jambo moja. Chuo kina kamati inayolinda watu wanaohojiwa. Haikubali mahojiano yoyote bila karatasi ya ridhaa iliyosainiwa. Nimekutumia karatasi kumi, nimezitafsiri kwa Kifaransa. Kila mmoja aandike jina lake kamili, mtaa anaoishi, tarehe, na saini au kidole gumba. Majina hayatatoka hata moja kwenye utafiti. Kamati tu ndiyo itayaona, ili ijue kwamba sikubuni watu. Najua ni usumbufu. Bila hizo karatasi, maneno yao yote hayana thamani huku.

Binti yako,
Assia

*

Buyenzi, 15 Januari 1995

Binti yangu,

Nashukuru Mungu kwa uzima wako na wangu. Wiki iliyopita vijana wa Kitutsi walitangaza siku za mji kufa: hakuna duka, hakuna basi, anayetoka anapigwa mawe au zaidi. Nilikaa ndani siku tatu nikila mihogo. Sasa tunatembea tena.

Makaratasi yako yamefika. Nilimsomea Callixte moja, neno kwa neno. Nilipofika pale pasemapo kwamba hatari atakayoipata mhojiwa haizidi hatari ya maisha yake ya kila siku, alinizuia.

"Rudia hapo, muzee."

Nikarudia. Akacheka mpaka akashika ubavu.

"Hiyo ni kweli kabisa. Aliyeandika hii amekaa Kamenge?"

Dévote hakucheka. Alikuwa anaanika nguo, akaja na pegi mkononi. "Callixte amueleze mutoto yote anataka," alisema. "Lakini jina na mutaa ni ya kazi gani?"

Nilimwambia ni ya shule tu, jina litafungiwa huko huko Amerika na hapa halitabaki. Ndivyo ulivyoniandikia, nami ndivyo nilivyomwambia. Akarudi kwenye nguo zake. Callixte hakusaini siku hiyo. Alisema tungoje, mke wake atakubali.

Watatu wengine wamesaini, wawili wa hapa Buyenzi na mmoja wa Bwiza. Majibu yao na karatasi zao nimempa jirani yetu Abdu anayekwenda Nairobi, atazitia posta ya huko. Ya hapa siiamini tena.

Baba yako,
Tajudini

*

Amerika, 20 Februari 1995

Baba mpenzi,

Hujambo? Macho je? Redio ya huku ikitaja Burundi hutumia dakika moja, na hiyo dakika hunimaliza wiki nzima. Tafadhali usitoke siku za hatari.

Bahasha ya Nairobi imefika salama. Majibu ni mazuri kuliko nilivyotegemea. Yule mzee wa Bwiza aliyeeleza jinsi walivyokuwa wakigawana chumvi iliyomwagika, nilimsoma mara nyingi.

Nimebakiza watatu, na utafiti natakiwa kuupeleka katikati ya Aprili. Callixte ndiye ninayemhitaji zaidi. Aliongoza wote, hakuna mwingine anayeweza kueleza jinsi timu ilivyovunjika. Mwambie Mama Dévote kwamba kabati la kamati linafungwa kwa ufunguo, nimeliona mwenyewe. Kama inawezekana, Baba. Kama haiwezekani, nitaelewa.

Binti yako,
Assia

*

Amerika, 28 Machi 1995

Baba,

Je, uko hai? Redio imetaja Buyenzi na Bwiza kwa majina, imesema watu wameuawa na maelfu wamekimbia. Nimepiga simu dukani kwa Akilimali tangu Jumamosi, inalia tu.

Yale makaratasi yaache. Profesa amezungumza na kamati, wamesema watatu wanatosha. Usipande Kamenge. Usiende kokote. Ukiweza, niandikie mstari mmoja.

Assia

*

Buyenzi, 30 Aprili 1995

Binti yangu,

Niko hai. Nyumba imesimama. Upande wa pili wa avenyu nyumba tisa ziko wazi, milango inapigapiga na hakuna wa kuifunga. Waliokaa humo nimeona baadhi yao wakipita na magodoro kichwani kuelekea Uvira, ng'ambo ya mpaka. Wengine sikuwaona wakipita. Akilimali yuko, duka lake halipo.

Barua yako ya Machi imenifikia juzi. Unasema watatu wanatosha. Nitakuandikia yaliyotokea, nawe usome ukiwa umekaa. Barua hii inabebwa mkononi na mtu ninayemwamini, ndiyo maana nataja majina.

Jumatatu tarehe 13 Machi nilipanda Kamenge. Dévote alikuwa amekubali. Callixte alisaini mbele yangu kwa mwandiko mzuri, polepole. Sikujua kwamba ana mwandiko mzuri. Alinijibu maswali yote kumi na mawili kwa saa tatu. Baada yake walisaini wawili aliowaita mwenyewe: Gélase, aliyekuwa dereva wa kreni, na Maxime, aliyekuwa anahesabu magunia. Karatasi tatu, majina matatu, mitaa yao. Nikazikunja ndani ya gazeti pamoja na majibu, gazeti nikaliweka chini ya koti.

Basi liliposhuka kurudi mjini tulikuta bariyeri, kizuizi cha barabarani ambacho asubuhi hakikuwepo. Wanajeshi wawili na vijana waliovaa kiraia. Walitushusha wote. Kijana mmoja alinipapasa akatoa gazeti, likafunguka, makaratasi yakaanguka barabarani.

"Hii liste ya majina ni ya nani?"

"Si liste. Ni ya shule. Mutoto wangu anasoma Amerika."

"Shule gani inaandika watu wa Kamenge na mutaa yao?"

Nikamwambia asome, imeandikwa Kifaransa, kila kitu kimeelezwa. Akasoma. Alisoma mpaka mwisho, bila haraka, midomo ikicheza. Kisha akaikunja vizuri akaitia mfukoni, na zile mbili nyingine, na majibu. Walinipiga kwa kitako cha bunduki, si sana, mkono wangu wa kushoto ndio uliovunjika na sasa umeunga. Mwanajeshi mmoja aliwaambia waniache, mimi ni Muswahili wa bandarini, aliwahi kuniona. Nikarudi kwenye basi.

Nilipaswa kushuka basi lilipopinda na kurudi kwa miguu kumwambia Callixte. Nililiwaza hilo, binti yangu. Niliwaza kwamba bariyeri bado ipo na nitapita hapo tena. Nikaenda nyumbani. Nikasema kesho. Kesho yake mkono ulikuwa umevimba, nikasema kesho kutwa.

Waliokimbia kutoka huko wamenisimulia kwamba tarehe 21, asubuhi ya saa mbili, watu wakinywa chai, gari lilisimama mlangoni kwa Callixte, wakamchukua. Lilipotoka hapo lilikwenda kwa Gélase. Maxime hakuwepo, alipopata habari alivuka kwenda Kongo vile alivyo. Callixte na Gélase hawajaonekana mpaka leo. Siku hizo walichukuliwa wengi ambao hawakusaini kitu chochote. Siwezi kuapa kwamba ni zile karatasi. Wala siwezi kuapa kwamba sizo.

Dévote sijamwona. Sijakwenda.

Baba yako,
Tajudini

*

Amerika, 22 Mei 1995

Baba mpenzi sana,

Alhamdulillah. Akilimali alipata simu ya mtu akanipigia, akaniambia maneno manne tu: baba muzima, mukono unapona. Nililia mbele ya mwenyeji wangu, akanipa maji kama mgonjwa. Mkono umefanya nini? Barua yako yoyote haijanifikia tangu ile ya Januari, lakini najua uko hai na hilo limenirudishia usingizi.

Nimefaulu, Baba. Nimepata cheti. Kamati iliupitisha utafiti wangu bila swali, na profesa aliandika pembeni kwamba ni kazi bora kuliko zote za mwaka huu. Ijumaa walituita mbele mmoja mmoja, waliposoma jina langu walilivunjavunja, lakini nilijitambua nikapanda. Kuanzia Agosti nitafundisha Kiswahili, karatasi zangu za kukaa zimeshaombwa. Sirudi Juni. Ulilotaka limekuwa.

Nisalimie Callixte. Mwambie kwamba hata bila majibu yake utafiti umepita, lakini nikirudi siku moja bado namdai simulizi yake. Na Mama Dévote asiwe na wasiwasi tena, hakuna atakayemwomba saini.

Binti yako mwenye furaha,
Assia

*

Amerika, 19 Juni 1995

Baba,

Barua yako ya Aprili imenifikia tarehe 6. Siku kumi na tatu nimeshindwa kukuandikia. Sasa redio inasema jeshi limeingia Kamenge yote na watu wamehama wote. Sijui barua hii itakukuta wapi. Najua kwamba yangu ya Mei itakukuta, na umeshaisoma au utaisoma, na siwezi kuirudisha.

Nilikwenda kwa profesa na barua yako mkononi. Nilimsomea, natafsiri huku nasoma. Alishika kichwa. Alisema si kosa langu, tulifuata taratibu zote. Kisha akasema, kwa upole kabisa, si mtu mbaya, kwamba siku moja nikiwa tayari hili lingekuwa jambo muhimu sana kuliandika. Nikaondoka bila kumuaga.

Kesho yake nilipeleka cheti ofisini nikamwambia karani nataka kukirudisha. Aliniuliza kama jina limekosewa. Nikasema apana, jina ni sahihi, ila sikitaki. Alitafuta kwenye droo zake, akampigia mkubwa wake, akaniambia pole, hakuna utaratibu wa kurudisha. Wanaweza kunipa nakala nyingine kama hii imeharibika. Nikarudi nacho kwenye begi.

Mimi ndiye niliyetaka Callixte. Sikuambiwa na mtu. Watatu walikuwa mkononi mwangu tangu Februari, sikuuliza kama wanatosha mpaka nilipoogopa. Ningeuliza mwezi mmoja kabla, usingepanda lile basi.

Niambie la kufanya, Baba. Nirudi? Nimwandikie Mama Dévote? Je, anajua?

Assia

*

Buyenzi, 17 Septemba 1995

Binti yangu Assia,

Nakusalimu. Niko na uzima. Barua zako zote mbili nimezipata, ile ya furaha na ile nyingine, kwa mkono mmoja siku moja. Nilianza kusoma ya Mei kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa namtafuta Dévote. Kamenge haina mtu. Nilifika mpaka barabarani nikaona paa zimeondolewa, hata fremu za madirisha zimebebwa. Niliuliza kwa uangalifu, mmoja mmoja, nikaambiwa amekimbilia Buterere kwa dada yake. Nilikwenda Jumanne iliyopita.

Nilimkuta ameketi chini anachambua maharagwe. Amekonda. Alinivutia kigoda. Nikamwambia moja kwa moja, kwa sababu nilijua nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu.

"Dévote, yale makaratasi walinikamata nayo mimi. Tarehe 13. Nilikuwa na siku nane za kuja kuwaambia mukimbie. Sikuja."

Aliendelea kuchambua.

"Nilijua, muzee. Mutu wa basi lile alituambia siku ile ile."

"Aliwaambia? Na Callixte hakukimbia?"

"Nilimwambia tukimbie. Akasema nitakwenda wapi, mbele kuna bariyeri, nyuma kuna bariyeri. Akasema tena kwamba wewe ungekuja kutuambia kama kuna hatari. Tukakungoja."

Dada yake alipita na ndoo ya maji, akatuangalia, akaingia ndani.

"Yule mutoto alifaulu?" Dévote aliniuliza.

Nikamwambia umefaulu.

"Kwa ile karatasi ya Callixte?"

"Apana. Ya Callixte haikufika. Walifanya na watu wengine."

Hapo ndipo mikono yake iliposimama. "Kwa hiyo kule hawajui jina yake."

"Hawajui."

"Na alisema nini, zile saa tatu? Mi nilikuwa jikoni. Nilisikia anacheka, tena nilisikia amenyamaza sana. Nilitaka kumuuliza jioni, tena nikasahau."

Assia, nilijaribu. Nilimweleza ninayoyakumbuka: mashua ya Kigoma iliyozama na saruji, na jinsi habari ya kuuawa kwa baba yake katika mauaji ya mwaka wa 72 ilivyomkuta akiwa darasani. Lakini nilikuwa naandika bila kusikiliza vizuri, nikiamini kwamba karatasi itakumbuka kwa ajili yangu. Majibu mengi yamenitoka. Nilibaki nakwama, naye ananitazama mdomo. Mwishowe akasema basi.

Alinipa uji nikanywa. Nilipoinuka akanisindikiza mpaka kwenye kona, kama desturi, akasimama.

"Usirudi, muzee. Si kwa ubaya. Watu wa hapa wameshaanza kuuliza wewe ni nani na unafuata nini kwangu."

Nikamwambia nimesikia.

Uliniuliza ufanye nini. Usimwandikie. Hakuomba barua, na barua ya Amerika ikifika mkononi mwake pale Buterere, wataisoma wengine kwanza. Usirudi pia. Kazi uliyopewa ifanye. Sisemi hivyo kukufariji, nasema kwa sababu huku hakuna pa kukuweka. Lawama uliyojitwika ni yako na siwezi kukuondolea, kwa sababu yangu pia hakuna aliyeniondolea. Ulikuwa mbali na hukujua. Mimi nilikuwa kwenye basi.

Anayebeba barua hii ndiye wa mwisho ninayemwamini, na hatarudi tena. Kuanzia sasa tutatumia posta, nayo inafunguliwa. Kwa hiyo hii ukimaliza kuisoma uichome, na ukiniandikia usitaje tena jina la mtu yeyote wa huku, awe hai au vinginevyo. Niulize afya yangu. Nitakujibu.

Baba yako,
Tajudini